Barua ya wazi: Tuandikieni sheria ukutani, kama ile ya kukojoa

Kwenu waheshimiwa mnaotunga sheria ndogo katika mkoa wa Dar es Salaam, mnaozipitisha, na mnaotuma vijana kuja kuzisimamia huku kwetu,

Salaam nyingi. Mimi ni mama wa genge. Nauza nyanya, vitunguu, nazi, mchicha, njegere na dagaa upande wa Tabata, na nimepanga chumba na sebule mwendo wa dakika kumi kutoka hapo. Barua hii naiandika nimekalia ndoo niliyoigeuza, saa nane mchana, saa ambayo genge halina mteja isipokuwa nzi.

Katika sheria zote za jiji hili, ninayoijua vizuri ni moja tu. Imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kuta za Buguruni, za Manzese, za Kariakoo, na kwenye ukuta ulio nyuma ya genge langu: USIKOJOE HAPA. FAINI 50,000/=. Anayeiandika ni mwenye ukuta, na sina uhakika nani alimpa mamlaka ya kumtoza mtu hiyo hamsini elfu. Lakini hebu mtazameni alivyofanya kazi yake. Kaandika Kiswahili. Kaandika pale pale ambapo mtu angesimama na kutazama kushoto na kulia. Kosa kalitaja, bei kaitaja. Mwanangu wa darasa la pili aliisoma silabi kwa silabi akiwa mgongoni kwangu, na tangu siku ile hajawahi kuniuliza maana yake.

Nyie mna wanasheria, mna ofisi, mna Gazeti la Serikali. Mbona sheria zenu nazijua siku ninayokamatwa nazo?

Niwape mfano wa mwaka huu, na humo ndani na mimi nina kosa langu, sitalificha. Mteja wangu wa siku zote alitaka njegere za buku. Njegere nilikuwa nimeshazimenya, na njegere zilizomenywa huwezi kumwagia mtu kwenye kiganja. Nikazitia kwenye kifungashio, ile plastiki nyembamba inayoonyesha ndani, isiyo na mkono, nikapiga fundo. Kijana wa sare akachomoza nyuma ya mwamvuli.

"Mama yangu, hicho unachompa ni nini?"

"Njegere."

"Siulizi njegere."

Nikamwambia hili si rambo, rambo lina mkono. Akasema kosa ni lile lile. Nikamwonyesha duka la jirani: mkate umo kwenye plastiki, sukari ya robo imo kwenye plastiki kama hii yangu, na barafu za ubuyu zimejaa friji zima. Akasema hayo ni mambo mengine. Mengine kivipi? "Utaelezwa huko huko mbele, mama." Kisha akataja laki moja. Kisha akalitazama genge langu kama mtu anayekadiria mbuzi kabla ya kumbeba, ikawa hamsini. Tulipofika ishirini nikatoa. Risiti hakuna. Mteja wangu alikuwa ameshaondoka zamani na njegere zake, na kifungashio.

Najua anayetoa na anayepokea wote ni wakosaji. Ila mtaniuliza kwa nini nilitoa, nami nawajibu: sikuwa na neno la kumwambia. Angesema milioni ningeamini. Angesema miaka miwili jela ningeamini. Mtu asiyejua bei ya kitu akiingia sokoni, mnajua wenyewe yanayompata.

Usiku nikamwomba mtoto wa dada yangu, anasoma chuo, anitafutie hiyo sheria kwenye simu. Akaipata, kanuni za mwaka 2019, zilizoanza kutumika tarehe 1 Juni mwaka huo. Zimeandikwa Kiingereza, kwa hiyo tulikaa hadi saa tano usiku, yeye anatafsiri, mimi namenya vitunguu saumu. Ukikutwa unamiliki au unatumia mfuko wa plastiki wa kubebea, faini haipungui 30,000 na haizidi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili. Ukiuza, ni kuanzia 100,000 hadi 500,000. Kwa wanaotengeneza imepanda mpaka bilioni moja. Sawa. Ni sheria kali na sababu yake naielewa. Mimi ni mtu wa bondeni, nimeona mvua za masika zikija na mifereji imezibwa na rambo tupu.

Ila kuna mstari ulionikosesha usingizi. Kanuni zimeacha vifungashio vya huduma za afya, vya bidhaa za viwandani, vya ujenzi, vya kilimo, vya kusindika chakula, na vya usafi na taka. Mtoto akatua simu, akaniangalia. Njegere si kilimo? Na kumenya, mama mdogo, si kusindika? Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini ni swali la kweli. Baadaye viongozi walitamka kwamba kifungashio kikigeuzwa mfuko wa kubebea ni kosa, na hilo nalielewa pia. Basi njegere zangu zilikuwa zimefungashwa au zimebebwa? Fundo nililopiga ndilo lililozigeuza? Nami nikiwa nyuma ya meza, mbele yangu kuna kijana wa sare na mteja anayeangalia saa, hukumu hiyo naitoa vipi?

Msije mkadhani nataka sheria zilegezwe. Viroba vya pombe vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, hata mlevi wa mwisho mtaani kwetu aliijua tarehe. Watu walihesabu siku kama wanasubiri mwandamo wa mwezi. Asubuhi ya siku hiyo hakuna aliyesema sikujua, kwa sababu kitu kilichokatazwa kilikuwa kimoja na jina lake moja. Rambo lenyewe nalo lilipotea haraka namna hiyo. Watu wa Dar es Salaam tunaweza kufuata sheria ngumu. Zinazotushinda ni zenye kona.

Nyingine nazipita mbio, kwa kuwa kila msomaji ana zake. Agosti 2023 jeshi lilitoa siku saba watu wasalimishe nguo zinazofanana na sare zake. Nina mjomba wangu alikuwa na jaketi la mabaka alilolinunua kwenye mitumba, chini, kwenye rundo, kwa shilingi elfu tatu. Analivaa alfajiri akienda Feri kuchukua samaki. Mzee wa watu hakujua amevaa kosa. Aliyemuuzia hakujua ameuza kosa. Na rundo lile lilipita bandarini kwa watu wanaojua kusoma. Au nendeni mkaombe barua ya utambulisho: mtaa huu elfu mbili, mtaa wa pili elfu tano, kwingine unaambiwa "ya karatasi tu, mama." Karatasi moja ya A4 yenye mhuri, bei yake inategemea umeamka upande gani wa barabara.

Lakini kuna hii ya umeme, hapa naomba mnivumilie niende polepole.

Nyumba ninayopanga ina wapangaji sita na mita moja. Kila mmoja ana zamu yake ya kununua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla. Kodi ya jengo, kama jina lake linavyosema, ni ya mwenye jengo. Tangu Agosti 2021 Serikali inaikata kwenye LUKU; ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Nyumba za ghorofa zina hesabu yake kwa kila sakafu. Wazo lenyewe lina akili, siwezi kukataa: zamani ilikuwa foleni, makadirio, mtu anapotezewa siku nzima. Sasa inakatwa yenyewe.

Inakatwa kwa nani? Kwetu inamwangukia anayenunua wa kwanza mwezi unapoanza. Kwa hiyo mje mtutembelee kuanzia tarehe ishirini na nane. Mtakuta nyumba ina adabu kama ya masheikh. Pasi haishikwi. Redio kimya. Taa ya uani inazimwa mara tu watu wakimaliza kunawa. Kila mpangaji anaomba uniti zivuke tarehe moja salama, zije ziishe katika zamu ya mwenzake. Mwezi uliopita ziliishia kwangu, saa mbili usiku, ubwabwa uko kwenye jiko la umeme haujakauka. Nikanunua ya elfu tano. Uniti moja kwetu inakwenda kwenye shilingi 356, kwa hiyo nilitegemea uniti kumi na nne. Zikaingia tisa na pointi zake. Nikabaki nimeshika simu, naisoma ile meseji kama barua ya msiba.

Kesho yake nikaenda kwa baba mwenye nyumba na meseji yangu. Ni mzee mstaarabu, alinikaribisha kiti. Akasoma, akavua miwani.

"Sasa mwanangu, umeme si mnautumia nyinyi?"

Nikamweleza kwamba ile elfu moja na mia tano si ya umeme, ni kodi ya jengo lake.

"Ingekuwa yangu ingekatwa kwenye mita yangu. Mimi huku wananikata ya hii nyumba ninayoishi."

Sikuweza kumwita mwongo. Kwake sheria ni ile iliyokata hela yake. Tangu mwanzo Serikali ilisema mpangaji na mwenye nyumba wakubaliane, hela ipunguzwe kwenye kodi ya pango. Waheshimiwa, kodi ya pango mimi nimelipa miezi sita kwa mkupuo, kwa sababu ndivyo alivyotaka. Nimpunguzie kwenye nini? Na mtu ukichelewa siku tatu anakuja kusimama mlangoni na kukohoa, wewe ndiye utakayemwambia sasa tukubaliane? Sheria inasema mwenye jengo. Mita inasema mwenye giza.

Tena mita hiyo moja ina jambo lingine. Kuna bei nafuu ya umeme kwa mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Sisi, familia sita, kila moja ikitumia taa mbili na kuchaji simu, tukikusanywa kwenye mita moja tunahesabiwa kama tajiri mmoja.

Turudi gengeni. Kitambulisho changu cha mjasiriamali mdogo bado ninacho, nimekitunza kwenye bahasha ya kaki pamoja na kadi za kliniki za watoto. Ni vile vya Desemba 2018, Rais alipowakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000, kila kimoja shilingi 20,000, kwa mfanyabiashara ambaye mauzo yake hayafiki milioni nne kwa mwaka. Wakati ule nilikuwa na meza pembeni ya barabara. Nilikivaa shingoni kama hirizi, na kweli kilifanya kazi, hakuna aliyenisogelea. Ulipofika Oktoba 2021 tukaambiwa tuondoke barabarani twende maeneo yaliyopangwa. Nikakionyesha kitambulisho. Kijana aliyekuwa anang'oa nguzo ya mwamvuli wangu akaniambia, kwa upole kabisa, "Mama, hicho kinasema uuze. Hakisemi uuzie hapa." Alikuwa sahihi! Nilikigeuza nyuma na mbele. Hakikusema wapi.

Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi. Tunafunga mpaka saa nne asubuhi, tunafagia, tunazibua mtaro, tunakusanya. Mimi naipenda siku hii, ndiyo siku pekee naongea na wanaume wa mtaa wetu wakiwa na majembe mikononi. Ila rundo tukishalikusanya linakaa. Gari la taka, ambalo tunalilipia kila mwezi, huja likijisikia. Jumatatu rundo limelala mbele ya genge langu, Jumanne kuku wamelitawanya, Jumatano anapita mtu na kitabu anauliza taka hizi za nani. Za nani? Za mtaa mzima, bwana. Nilizifagia kwa amri yenu.

Sasa nije kwenye ninachoomba. Sheria ndogo mnazitunga kwa mamlaka mliyopewa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, zinatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na zikishatangazwa hapo kutojua si utetezi. Huo ndio utaratibu, siubishii. Lakini mwaka 2021 Bunge liliamua Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na mimi nililipokea jambo hilo kwa furaha ya mtu anayedhani mlango umefunguliwa. Bado lile gazeti halijafika gengeni. Kwangu gazeti linafika kwa kilo, la mwaka juzi, na nalifungia dagaa.

Basi fanyeni kama mwenye ukuta. Penye soko, penye stendi, kwenye mlango wa ofisi ya mtaa, wekeni kibao. Kosa ni lipi, faini ni kiasi gani, imo katika tangazo namba ngapi la mwaka gani, na aliyepewa kazi ya kutoza ni nani. Andikeni pia kwamba hela hailipwi mkononi, inalipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, ile ambayo sasa hata ada ya leseni tunalipia. Sentensi hiyo peke yake ingeniokolea ishirini yangu. Madereva mmewawekea kibao cha 50. Trafiki akiwasimamisha wanabishana kuhusu mwendo, hawabishani kama sheria ipo. Na sisi tupeni ubishi wa namna hiyo.

Halafu kuna jambo ambalo mwenye ukuta hakulifanya vizuri, nanyi msimuige. Kibao chake kinaniambia nisikojoe hapa. Hakinielezi nikakojoe wapi. Choo cha kulipia kilicho karibu na genge langu ni mia tatu, na kinafungwa saa mbili usiku, saa ambayo daladala ndiyo zinashusha watu. Mwenye shida saa tatu usiku anafanya nini? Mnajua anachofanya, ukuta unanuka pamoja na maandishi yake. Kwa hiyo kila mnapoandika usifanye, mstari wa chini mwandike fanya hivi. Usiuze hapa, nenda pale, meza zipo ngapi. Usitumie kifungashio, tumia hiki, kinapatikana kwa bei hii. Msipokuwa na cha kuandika kwenye mstari huo wa pili, nawaomba msiuandike wa kwanza mpaka mkipate.

Nimeshaanza upande wangu. Wiki iliyopita nilichukua ubao wa kreti ya nyanya, nikaazima rangi kwa fundi wa mageti, nikaandika: MFUKO HATUTOI. NJOO NA KIKAPU AU BAKULI LAKO. Siku mbili za kwanza wateja walinuna. Sasa wanakuja na mabakuli, na jana kuna mzee kaja na kofia yake ya kiua, akasema mwagia humu humu. Yule kijana wa sare alipita, akasimama, akausoma ubao mpaka mwisho, akaondoka bila kusema kitu.

Chini kabisa nimeongeza: NJEGERE ZILIZOMENYWA, TUNASUBIRI JIBU LA SERIKALI. Nimeacha nafasi ya mstari mmoja. Rangi ninayo bado.

Wenu,
Mama wa genge, Tabata
Dar es Salaam